Breki za Mwalimu

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba la baiskeli. Huo ni mkono wa Spoki, fundi baiskeli, na ukuta tunaouegemea ni wa karakana yake. Kulia pana kinyozi, ndiye mimi. Wananiita Wembe, ingawa siku hizi nanyoa kwa mashine. Kushoto pana jiko na birika la Shangazi, shangazi wa damu wa Spoki, dada wa baba yake, anayeuza kahawa na kutukanya bure. Wengine ni Handibreki, aliyeendesha lori miaka thelathini, na Takwimu, karani mstaafu wa ghala, ambaye hawezi kukwambia saa bila kutia asilimia. Jumamosi hiyo baiskeli mbili za Mwalimu, mama anayefundisha shule ya jirani, zilikuwa zimening'inia mlangoni, zile za fremu bapa za kukata upepo. Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa na mashindano: kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, vyote mfululizo bila kupumzika. Baiskeli ya zamani breki zake hubana rimu, yaani ukingo wa gurudumu. Ya pili, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, breki zake ni za diski, kisahani cha chuma katikati ya gurudumu. Alikuwa amesema atapita saa kumi jioni achukue moja.

Ile ya zamani ndiyo iliyomwangusha mwaka jana. Mvua, mteremko, kona. Akashika breki, baiskeli ikaendelea na safari zake. Akavunjika mtulinga. Waya wa breki ya mbele ulikutwa umechomoka kwenye nati yake, ambayo kwenye baiskeli hizi hufichwa nyuma ya uma unaoshika gurudumu la mbele, chini ya kifuniko, ili isikamate upepo. Sasa, waya unaweza kuchomolewa na kishindo cha kuanguka. Unaweza pia kuchomoka kwa sababu nati haikukazwa, na siku moja kabla baiskeli ilikuwa mikononi mwa Spoki. Tangu hapo Spoki, aliyekuwa akiziita diski urembo wa matajiri, amegeuka mhubiri wa diski. Hatukumuuliza kwa nini. Kama kosa ni la aina ya breki, basi si la fundi; hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza, nasi tulimpenda kiasi cha kutoipiga kwa sauti.

– Diski, – alisema Spoki akifungua gurudumu la mbele la ile mpya. – Hakuna mjadala. Rimu ikilowa, mpira wa breki unateleza. Diski iko katikati, mbali na matope, na inasukumwa na mafuta, si waya.

Akalipeleka gurudumu ndani kulibadilishia tairi. Lakini kuliambia benchi letu hakuna mjadala ni sawa na kumwonyesha mbuzi shamba na kumwambia hakuna majani. Handibreki alishanyoosha shingo.

– Mbio za sakafuni huishia ukingoni, – akasema. – Wahenga walishaona. Gurudumu linaishia wapi? Ukingoni. Basi breki ikae huko huko.

– Methali hiyo haihusu baiskeli, – nikamwambia.

– Inahusu mbio. Kwani baiskeli inafanya nini, inalala?

– Chanda chema huvikwa pete, – akadakia Takwimu. – Na gurudumu jema huvikwa diski. Nguvu ya kusimama inaongezeka kwa asilimia arobaini na moja.

– Arobaini na moja umeitoa wapi?

– Hiyo nimepunguza. Sikutaka kuwatisha.

Handibreki akainuka kwenda kwenye ile baiskeli mpya, iliyokuwa imebaki bila gurudumu la mbele, akabinya kishikio cha breki yake. Akasema ni laini mno. Breki ya kweli inakuumiza vidole, ndipo unajua iko kazini. Takwimu naye akabinya, akasema ulaini ndio utaalamu wenyewe. Mimi nikabinya mara mbili, maana mtu mzima haamui jambo bila kuonja. Shangazi alituambia tuache vitu vya watu, nasi tukamwitikia kwa heshima zote, kisha Handibreki akabinya tena.

Akatueleza habari za lori lake: tani thelathini mteremkoni, breki zinachemka mpaka unazinusa ndani ya kabini. Kama chuma kinene kile kilipata moto namna ile, hicho kisahani chembamba kama mfuniko wa sufuria kitasalimika vipi?

– Ndiyo maana kimetobolewa matundu, – akasema Takwimu. – Hewa ipite.

– Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wametoboa nyufa kwa makusudi, halafu unawasifu.

– Matundu yakizunguka ni feni, bwana. Feni inampoza mwendeshaji. Mwendeshaji akipoa, mwendo unaongezeka kwa asilimia tisa.

– Feni hiyo inapuliza upande gani? – aliuliza Handibreki. – Ikipuliza mbele, inamrudisha Mwalimu nyumbani.

Takwimu akafikiri kidogo. Akasema jibu ni rahisi, diski ifungwe ikitazama upande mwingine, hapo Mwalimu hatahitaji hata kukanyaga pedali.

Nikaona nisipitwe. Nikasema breki zote ni sawa, upepo unakamatwa na nywele. Mtu akiniachia kichwa dakika tano tu, nitampunguzia sekunde nane.

– Jumatatu Mwalimu anasimama mbele ya darasa, – akasema Shangazi. – Asimame na upara kwa ajili ya sekunde nane?

– Kumi na moja, – akasema Takwimu.

Hapo Handibreki akatoa nadharia yake kubwa, aliyokuwa ameihifadhi tangu kikombe cha kwanza. Breki zenyewe, alisema, ndizo zinazoangusha watu. Sote tutafute kumbukumbu: nani amewahi kusikia mtu ameanguka bila kushika breki? Basi zing'olewe zote mbili. Mwalimu avae koti pana, na akitaka kusimama afungue vifungo, upepo ulijaze. Takwimu, aliyekuwa akimpinga tangu mchana, akakubali mara moja na kuuliza vifungo viwe vingapi.

Wakafika vifungo sita, Spoki akatoka na gurudumu lenye tairi jipya. Akapiga goti, akaliingiza kwenye uma. Diski haikuingia. Akalitoa, akapangusa jasho, akajaribu tena. Diski ikagonga chuma na kukataa. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Takwimu alisema diski imevimba kwa joto, kama asilimia nne hivi. Handibreki alisema hilo si gurudumu lake, limebadilishwa na huyo aliyehama. Spoki akawasha tochi ya simu, akachungulia vile vibanio viwili ambavyo diski hupita katikati yake. Vilikuwa vimeachana alipoondoka. Sasa vilikuwa vimegusana.

– Nani amebinya hii breki?

Kila mmoja wetu akakiangalia kikombe chake.

– Uliza nani hajabinya, – akasema Shangazi. – Utamaliza mapema.

Spoki akatueleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejizuia. Breki ya mafuta haibinywi gurudumu likiwa nje. Vibanio husogea vikitafuta diski, visipoipata hukutana vyenyewe, na havirudi. Akaniomba kitana, kile chenye mkia bapa. Akaupenyeza mkia katikati ya vibanio, akawa anavipanua polepole, huku sisi tumeinama kama tunamwangalia daktari. Diski ikaingia. Akalizungusha gurudumu, likazunguka bila kukwaruza. Akabinya, likasimama papo hapo.

Tulijua matusi yanakuja, na tuliyastahili. Badala yake Spoki akaketi kwenye ncha ya benchi, kitana changu bado mkononi.

– Hamkujua kwamba mnaharibu, – akasema. – Mlikuwa mnaongea tu, mkono nao ukafanya lake.

– Tusamehe, fundi, – nikasema.

– Siwasemi ninyi.

Nilimwelewa, na nilitamani nisingemwelewa. Handibreki alikohoa, akaanza kusifia kahawa.

Mwalimu akafika na mfuko wake begani, bega la kulia. Lile la kushoto tangu mwaka jana linakaa chini kidogo. Alimwamkia Shangazi, akaitikiwa na kuitwa mwanangu, akatusalimia sisi wengine. Akatazama mawingu, kisha baiskeli zake. Handibreki, kwa niaba ya baraza, akamsomea hukumu: rimu ina heshima yake, diski ina matundu, koti liangaliwe. Takwimu akaongeza asilimia pale zilipopungua. Mwalimu alitusikiliza hadi mwisho, kwa subira ileile anayowapa watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

– Nina swali moja tu, – akasema. – Fundi, mwaka jana, ile nati inayobana waya, ulikuwa umeikaza?

Nilimtazama Spoki. Jibu alikuwa nalo, kalifanyia mazoezi mbele yetu mwaka mzima: mpira ukilowa unateleza, kosa ni la rimu, hakuna mjadala. Nilimwombea alitoe, na wakati huohuo niliona aibu kwamba namwombea hivyo.

– Sikumbuki, – akasema Spoki.

Mwalimu akamsogelea.

– Sikumbuki kabisa. Nilikuwa na baiskeli sita siku ile, na nilikuwa naongea na hawa. Nikifikiri, nauona mkono wangu ukipitisha waya. Nauona ukirudisha kifuniko. Hapo katikati sioni kitu. Mwaka mzima natazama hapo katikati, Mwalimu, na sioni kitu.

Na hawa ndio sisi. Siku ile naikumbuka vizuri, kuliko yeye. Tulikuwa tunabishana kama samaki hulala. Mimi ndiye niliyemwita Spoki mara tatu, baiskeli ikiwa mikononi mwake, aje aseme kama amewahi kumwona samaki amefumba macho. Alicheka, akaja, akarudi kwenye kazi yake.

Mwalimu akaweka mfuko chini, akajisugua bega.

– Nilikuja kuichukua hiyo ya diski niipeleke kwa fundi mwingine, – akasema. – Niseme ukweli. Kila niliyemuuliza ameniambia ni mvua. Hospitali wameniambia ni mvua. Mume wangu anasema ni mvua. Nikawa nashangaa, mvua inafungua nati?

– Una haki ya kuipeleka, – akasema Spoki. – Hata mimi ningeipeleka.

– Nipe spana.

Spoki hakuelewa. Mwalimu akanyoosha mkono.

– Nipe spana, unionyeshe pa kukaza.

– Kwenye ipi? Diski au rimu?

– Kesho nitapanda ya diski, maana mvua itanyesha, hilo halihitaji baraza. Lakini tuanze na ile.

Alikuwa anaionyesha ile ya zamani. Spoki akaishusha mlangoni, akafungua kifuniko nyuma ya uma, akawasha tochi. Nati yenyewe haizidi kucha ya kidole cha mwisho. Mwalimu akapiga goti kwenye grisi akiwa na suruali yake safi, akaingiza spana, akazungusha. Spoki alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha.

– Bado kidogo, – akamwambia. – Bado. Endelea.

Handibreki akavuta pumzi ya kutaka kusema neno. Shangazi akamwekea kiganja begani. Takwimu akaweka kikombe chake chini kwa uangalifu ili kisitoe sauti, na mimi nikamfukuza kwa ishara mteja aliyekuwa anakuja kunyolewa, maana angetusalimia. Nikakaa nikiitazama nati ile, na benchi letu zima likanyamaza mpaka Mwalimu akamaliza kukaza.