Pikipiki ya Mzee Rwegasira

Mheshimiwa Katibu Tarafa, Baba Mchungaji, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali, Mama Kemilembe uliyetuazima mume miaka yote hii, ndugu wageni waalikwa: wazee wangu, shikamooni.

Naitwa Deodatha, muuguzi wa zahanati huko Kyerwa. Kuanzia kesho nakalia kiti cha Mzee Rwegasira, anayestaafu leo baada ya kuwahudumia wagonjwa wa akili wa wilaya nzima. Nimeambiwa niseme maneno matamu, kisha tule. Mtaniwia radhi.

Ndugu Mwenyekiti, umetutangazia kwamba pikipiki ya Mzee inaondolewa, na wagonjwa hawa sasa watapimwa kwa simu ya upepo tu: muuguzi aeleze, hospitali iamue. Simu ile imeokoa watu, sibishi. Lakini nani hapa anajua kwamba kila Mzee alipompima mtu kwa simu, alipanda pikipiki akaenda kumpima upya ana kwa ana, na majibu yote mawili akayaandika? Wagonjwa arobaini. Kwa thelathini na mmoja, majibu yalilingana. Kwa tisa, hapana.

Mmoja wa hao tisa ni kosa langu. Kampire, binti aliyeolewa Songambele, alifiwa na mtoto, akaletwa zahanati na baba mkwe wake. Mzee akauliza kwa simu, mimi nikawa namfikishia maswali. Jina lako? Kimya. Unalala? Kimya, na uso kaugeuzia ukutani. Nikasema, "Hasemi, hatazami mtu." Simu ikaamua apelekwe Bukoba, na asitoroke. Nikamfunga kamba kwa mikono yangu hii.

Kesho yake pikipiki ikafika. Mzee akasimama mlangoni, akauliza, "Huyo kwenye benchi ni nani?"

"Baba mkwe wake."

"Deodatha, na wewe umeolewa huku huku. Ungeongea mbele ya baba mkwe wako?"

Jamani! Mila hiyo naijua tangu utotoni, na bado nilimwita mwanamke mwenye adabu zake kichaa, kwa sababu simuni hakuna aliyeniuliza nani mwingine yumo chumbani. Tukamtoa yule baba mkwe nje. Kampire akageuka, akataja jina lake, akataja la mtoto wake, akasema, "Dada, nifungue, mikono inaniuma." Alikuwa na majonzi ya mzazi, basi.

Mzee Rwegasira, hukunifokea siku ile. Afadhali ungenifokea. Nakushukuru mbele ya watu wote.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa, namaliza. Fomu ya kumpeleka mgonjwa mbali na kwao ina sahihi moja, na kuanzia kesho sahihi hiyo ni yangu. Simu nitaipokea saa yoyote. Lakini mtu ambaye sijamwona kwa macho yangu, simsainii. Kama kwa sharti hilo siifai kazi hii, sema leo, mbele ya hawa.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sikai kwanza, nasubiri jibu.