Bi Thirza na Ukurasa wa Thelathini na Moja

Hakuna dereva duniani awezaye kurudisha nyuma gari la maktaba la tani saba, limejaa vitabu hadi darini, katika kichochoro cha Nab Bottom, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, asimwage hata tone. Nipo mimi tu, Corey Sugden. Kondoo wa bonde zima la Harrowdale wananijua. Nikikata kona wanajipanga kando kama askari wa gwaride. Shule tuliachana nikiwa na miaka kumi na sita, kwa makubaliano ya pande zote, na bado Bwana Penhale, mkuu wetu wa maktaba, alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu kwenye jarida la wafanyakazi, alinijia mimi. Aliwajia wengine kwanza, ndiyo. Walikuwa na shughuli.

Basi. Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Thirza Greenhalgh anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ndani ya gari la maktaba. Amepitia madereva sita. Watano wa kwanza walikuwa watu wa kawaida. Alianza kazi enzi ambazo gari lilikuwa na jiko la mafuta ya taa katikati ya rafu za vitabu, jambo ambalo leo lingempeleka mtu jela, na anasema hakuwahi kuunguza hata jalada. Koti moja la mchungaji liliungua, lakini hilo halikuwa mali ya maktaba.

Saa ya ukutani ameikataa. Maua ameyakataa. Alipoulizwa anataka zawadi gani, alitaja kitu kimoja tu: ile nakala kuukuu ya kitabu cha kwanza cha Akina Clegshaw, iliyochakaa kiasi kwamba mwaka huu tungeitupa. Si nakala nyingine. Ile ile. Kazi ya kuiandaa nilipewa mimi. Tutafika huko.

Kwa wale wasiojua, na sijui mnaishi bonde gani, Akina Clegshaw ni vitabu saba vinene kuhusu ukoo mmoja wa wafumaji nguo enzi za Malkia Victoria. Hepzibah anaingia kiwandani ana miaka minane. Binti yake anatoroka nyumbani. Mjukuu anaolewa na mwana wa mwenye kiwanda. Kitukuu anakinunua kiwanda chenyewe na kukitia kufuli. Katikati, watu wanakohoa.

Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza Bi Thirza wanawake wa huku wanaona nini humo. “Watu wamevaa magauni mapana kama mahema, wanakohoa, wanakufa. Halafu watoto wao wanavaa magauni yale yale na kuendelea kukohoa.”

“Tazama barabara, mwanangu,” akasema.

Mwezi huo huo tulifika Crowsley tukakuta ukumbi wa kanisa una msiba. Utepe mweusi mlangoni, chai, mikate ya nyama ya nguruwe, wanawake wamekaa kimya. Nikavua kofia. Mimi nimelelewa. Nikamwendea Bi Nell Pickersgill, msomaji wetu mkongwe kuliko wote, nikamshika mkono.

“Pole sana, Bi Nell. Aliumwa muda mrefu?”

“Mapafu, kijana wangu. Vumbi la pamba.”

“Ameacha watoto?”

“Saba. Na mmoja wa nje.”

Nikatikisa kichwa, nikala mkate wa tatu kwa heshima ya marehemu. “Amefariki lini?”

“Elfu moja mia nane sabini na moja,” akasema Bi Nell, akajifuta jicho.

Kumbe ni Hepzibah, kitabu cha tatu. Walikuwa wamekisoma pamoja, wote wakafikia kifo chake wiki hiyo hiyo, na Bi Thirza ndiye aliyechangia nyama. Huko nyuma ya ukumbi alikuwa ameshikilia meza asianguke kwa kunicheka.

Mafanikio yake ni mengi na Bwana Penhale atayasoma jukwaani kwa ile sauti yake. Mimi nitataja moja. Theluji ilipofunga barabara ya juu, Bi Nell alikuwa amemaliza kitabu cha nne, pale binti wa Hepzibah amesimama stesheni na sanduku lake, treni inaingia, na kitabu kinaisha. Bi Thirza alikifunga cha tano kifuani ndani ya koti, akapanda mlima kwa miguu. Bi Nell alimwona akiwa bado mbali, akafungua dirisha.

“Alipanda?”

“Habari za asubuhi nawe, Nell.”

“Thirza, usinitanie! Alipanda treni au hakupanda?”

“Fungua mlango, mwanamke, miguu siisikii!”

Mlango haukufunguliwa mpaka alipojibu.

Mimi nilinaswa kwa hila. Aliacha nakala mpya ya kitabu cha kwanza kwenye kiti changu, eti kasahau. Nikafungua nipate kitu cha kucheka. Siku hiyo nilichelewa vibaya sana kumfuata Bi Thirza Crowsley, maana nilikuwa nimeegesha nyuma ya ukuta wa mawe, nasoma. Nikasema ni kondoo, kalala barabarani.

“Kondoo huyo yuko ukurasa wa ngapi?” akauliza Bi Thirza.

Ndipo alipoacha kunitania na kunieleza, na hili nalinukuu jinsi lilivyo, kwa sababu ndilo jambo pekee la maana nililofundishwa na mtu nikalishika. “Unaanza na bibi, unamchukia kwa roho yake ngumu. Ukifika kwa mjukuu, naye anamchukia bibi, wewe ushaelewa roho ile ilitokea wapi. Mjukuu hajui, hakuwapo. Wewe ulikuwapo. Msomaji ndiye mtu pekee wa ukoo ambaye hafi, Corey.”

Nilijifanya natafuta gia.

Sasa, wanawake wa Harrowdale wakichukua kitabu hawatazami jalada. Wanafungua ukurasa wa thelathini na moja, wanachungulia chini, wanafunga. Nilidhani ukurasa huo una mambo ya chumbani. Niliukimbilia katika ile nakala yangu mpya. Nikakuta mama anakanda unga.

Jumanne iliyopita ndipo nilipoelezwa, na naomba siku hiyo ikumbukwe. Kila msomaji wa bonde hili ana alama yake. Akimaliza kitabu anaichora kwa penseli, ndogo, chini ya ukurasa wa thelathini na moja, ili baada ya miaka akikishika tena ajue kwamba alishakisoma. Ni desturi ya tangu zamani. Sisi wa maktaba tunajifanya hatuioni. Bi Nell ana konokono. Bi Thirza ana birika. Mama yake alikuwa na kifungo cha shati chenye matundu manne, na bibi yake alikuwa na mkasi. Mkasi, kifungo na birika vilikaa bega kwa bega katika ile nakala kuukuu ya kitabu cha kwanza, ambayo wote watatu waliisoma, kila mmoja kwa zamu yake. Sasa mnajua kwa nini alikataa saa ya ukutani.

Jumanne nilielezwa. Lakini Bwana Penhale alikuwa amenipa kitabu Jumatatu. “Kipanguse kidogo, Corey, kipendeze,” alisema. Mimi sijui kufanya kitu kidogo. Nilibandika gamba upya, nikanyoosha kona zote, nikaona ukurasa mmoja umejaa michoro ya watoto watundu. Nikachukua raba. Jumanne nikamwonyesha Bi Nell, najisifu, ukurasa unang'aa kama sahani.

Akachungulia chini ya ukurasa. “Konokono wangu yuko wapi?”

“Nimewasafisha wote, Bi Nell.”

“Na mkasi? Na kifungo?” Akaketi kwenye ngazi ya gari, ndipo akanieleza yote hayo. Kisha akasema, “Mama yake Thirza alikufa mara moja tu, we kijana. Hii uliyofanya ni ya pili.”

Nimezunguka na kitabu hicho njia nzima. Konokono amerudi. Walio hai wote wamechora upya, na kila mmoja amenitukana kwa namna yake. Bi Nell alitaka kuchora mkasi na kifungo kwa kukumbuka, akainua penseli, akaishusha. “Si mkono wangu,” akasema.

Bi Thirza, najua jarida hili unalisoma asubuhi na chai, kabla ya sherehe. Kwa hiyo jambo hili unalijua kabla hujafungua kifurushi mbele ya watu. Bwana Penhale halijui. Huwa anasoma aya ya kwanza tu. Asante kwa miaka yote, na kwa ule mmoja na ushee ulionivumilia mimi. Pumzika vizuri, usome mpaka macho yachoke, na siku zako ziwe nyingi kuliko za akina Clegshaw, bila kikohozi.

Ukiukaribisha ukurasa dirishani na kuuinamisha kidogo, alama iliyobonyezwa na penseli ya mama yako bado inaonekana. Matundu manne, nimeyahesabu. Nafasi ya birika nimekuachia wazi, na penseli nimeiweka ndani.

Mkasi wa bibi yako nimeutafuta kwa taa na kwa jua. Haupo. Niliufuta mimi.