Kibuyu Kiko Langoni

Sogeeni, wanangu, lakini mlango msiuzibe. Zita, kaa hapo hapo kizingitini, mama, na mkongojo wangu uuegemeze mlango usijifunge. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima, kwa hiyo ninayosema leo mimi mama yenu Bernadina sitayarudia.

Shamba la ngano la juu, hapa Gitting, ni la Bura, kwa kuwa ndiye aliyebaki kulilima. Mtamba mweusi ni wa Zita, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mwanamke harithi ng'ombe. Evarist, wewe mjini umeshapata vya kukutosha. Usinune, baba.

Sasa sikilizeni lililonikaba. Ardhi hii haijatulia. Tangu Jumapili inatikisika, vikombe vinagongana kabatini, mbuzi wanagoma kuingia bandani, na ninyi mnaniambia ni lori la mahindi linapita. Lori gani lisilo na vumbi? Nilipokuwa msichana ilianza hivi hivi, kidogo kidogo, tukaizoea. Tulilala kwenye tembe, na baba yangu, mzee Hhando, kila masika paa likivuja alipandisha udongo mpya juu ya ule wa zamani, wala hakushusha hata karai moja, mpaka paa likanona kama dume la sherehe. Siku ardhi iliponguruma kweli, kuta zilisimama. Paa ndilo lililotushukia. Mama yangu na wadogo zangu hawakuwahi hata kupiga kelele. Aliyenichimbua kwa mikono yake ni Gidahosh, wakati huo kijana mfugaji wa kule bondeni, ambaye kibanda chake chepesi kiliyumba tu kikatulia. Na huyo ndiye mliyerithi kumchukia kwa ajili ya malisho ambayo baba yenu mwenyewe hakujua mpaka wake! Ugomvi huo uzikwe pamoja nami. Mkamwite, anywe maziwa hapa, mpeane mikono.

Evarist, siku hizi kila mtu anauza na kununua apendavyo, nawe vitunguu vilipokulipa ulituletea bati, kijiji kizima kikaja kutazama. Ahsante, mwanangu. Lakini ulilaza bati juu ya udongo ule ule wa tembe ya baba yako, kisha kwa kuogopa upepo wa mlimani ukapanga mawe juu yake. Mawe, Evarist! Juu ya vichwa vya wanao! Nikasema, ukajibu mama kazeeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe ufa umeupandishia mawe.

Kifo sikiogopi, padri alikuja jana. Naogopa msiba wangu. Watu watajaa humu, walale humu, wanawake wa Endagikot na watoto wao mgongoni, eti kwa heshima yangu. Heshima hiyo siitaki. Nililieni uani. Bura, panda leo ushushe mawe, kisha udongo, hata kama mvua inanyesha. Jembe, koleo na kamba vilale nje. Aliyefukiwa hachimbuliwi kwa sala peke yake. Watoto wafundishwe kwamba ikitikisika wanakimbilia langoni mwa zizi, wanahesabiwa, na harudi mtu ndani, hata kufuata redio.

Mimi mwenyewe niliwaomba mnitoe nje tangu Jumapili. Mkasema ni aibu, majirani watatuonaje, mama kulazwa uani. Haya, nimelala ndani.

Nyamazeni kidogo. Mbwa mbona wamenyamaza? Zita... maji ya bakuli hilo, nani kayatikisa?

Tokeni. Tokeni, nasema! Najua mnachongoja. Mtoto haondoki kitandani mwa mzazi anayekufa kabla ya kutemewa maziwa ya baraka kifuani. Nilijua mtaniganda kwa hilo. Asubuhi nilikitemea kibuyu cha maziwa, Zita akakipeleka langoni mwa zizi. Baraka zangu zote zimo mle... mpakane vifuani, mkubwa ampake mdogo... humu ndani sikubakisha hata tone. Pita, Bura. Pita, Zita, usigeuke. Mungu awape... awape miguu myepesi.

Nani kanishika mkono? Evarist? Kitanda hakipiti mlangoni, baba, usihangaike nacho. Sikukasirikii... sijawahi. Niachie mkono. Kibuyu kiko langoni.