Biskwi za Kumfungua Komanda

Kijiweni kwetu, kwenye mteremko wa Kadutu, Bukavu, juu ya ziwa, ubao wa mkaratusi umelazwa juu ya tairi mbili, na hapo wanaume wanaojua kila kitu hunywa kahawa ya Maman Virginie. Jumamosi ile ujinga ulivaa kostime, suti kamili. Placide, tunayemwita Komanda ingawa hajawahi kuamuru hata mbuzi, alikuwa anamwoza binti yake Colombe saa tisa, na tumbo lilikuwa limemfunga, choo hakipati, tangu kilio cha msiba kule Nyangezi, alikokula nyama kama mtu anayelipiza kisasi. Kifungo cha suruali kilikataa. Aliishikilia kwa kamba, na wenzake wawili walikuwa wamemletea biskwi walizooka wenyewe nyumbani, kila mmoja akiapa kwamba zake ndizo dawa. Mimi sikuwa na huruma na yeyote.

Wa kwanza alikuwa Mardochée, ambaye zamani alipalilia maua kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro. Tangu hapo anaitwa Savant, yaani mtaalamu.

SAVANT: Kula, Komanda. Iko unga ya masoso: mahindi, soja, mutama. Nilitia na mbegu ya papai. Ku Lwiro bantu ba siansi banakulaka ivi.

MINISTRE: Uongo! Ku Lwiro ulikuwa unalima maua tu.

(Huyo ni Gentil, yule wa pili. Uwaziri wake ni wa kutoa ahadi tu.)

SAVANT: Maua njo mwanzo ya siansi.

KOMANDA: Nilisha kula sahani yote, Savant. Iko nakwama.

SAVANT: Haba na haba hujaza kibaba.

KOMANDA: Kibaba ilisha jaa! Shida njo ile!

MINISTRE: Masoso iko chakula ya bebe. Yangu iko pumba ya ngano na ndizi ya kukausha. Inapita mu tumbo sawa ufagio.

VIRGINIE: Ministre, ile pumba haiko ya kuku ya bibi yako?

MINISTRE: Maman, ulisha ona kuku yenye tumbo imefunga?

Hakuna aliyewahi kuona, kwa hiyo tukaita huo ushahidi. Komanda akatafuna pumba mpaka vumbi likamtoka puani, kisha akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Sisi sote tukanyoosha vyetu.

SAVANT: Shida haiko biskwi. Shida iko mulima! Shiye ba Bukavu tunakulaka tumekaa ku mutelemuko, chakula inajirundika upande moja. Geuka uangalie ziwa, itajua njia ya kushuka.

MINISTRE: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, Komanda!

Na mtu mzima, baba wa bibi harusi, akageuka akainama kuelekea ziwani. Kamba ikakatika. Wale wawili wakaanza kubishana kama aliinama vya kutosha.

KOMANDA: Munaniua! Mama ya Colombe hayuko tena. Njo miye peke yangu wa kumuingiza mu kanisa, na miko nashika suruali na mikono mbili!

Hapo nilicheka, na nikaona aibu kucheka. Colombe akatokea akishuka ngazi, nywele zimesukwa, amevaa vitenge viwili, gauni likimngoja kwa shangazi. Akatazama sahani, makombo, na baba yake aliyeinama.

COLOMBE: Papa, na hizi biskwi zote, maji ulikunywa?

Savant akamtazama Ministre. Ministre akasukuma sahani yake nyuma ya tairi.

KOMANDA: Nilikunywa kahawa.

COLOMBE: Maji, papa.

Maman Virginie akachukua bidoni yake ya maji, akaipindua. Halikutoka hata tone. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu Jumatano, na maji ya mwisho tulikuwa tumeyamaliza sisi, kikombe kwa kikombe cha kahawa, tukimtibu mgonjwa. Chini yetu kulikuwa na ziwa zima.

Colombe hakutugombeza. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga baba yake kiunoni juu ya ile suruali, akakaza fundo vizuri.

COLOMBE: Twende, papa. Ku nyumba ya shangazi maji iko.

Wakapanda ngazi wameshikana mikono. Mikono ya Komanda sasa ilikuwa huru.

SAVANT: Miye nilisema aangalie ziwa.

Akanyoosha kikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha.