Kuogelea Mwezi wa Baridi

Mbele yangu ndani ya basi la asubuhi alikaa mama mshonaji, nywele zimeshaota mvi, taulo begani. Jirani yake alikuwa mwanamume ambaye kazi yake ni kuokoa waogeleaji ufukweni.

"Mama, subiri miezi mitatu," alimwambia. "Sasa maji ni nyuzi ishirini na tano, na upepo unachafua bahari. Joto likirudi yanakuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Wanaojifunza huanza wakati huo."

"Mjukuu wangu alitumbukia gatini juzi, mwezi huu huu wa baridi. Mimi nilisimama pale nikipiga kelele tu. Mpita njia ndiye aliyejitosa akamtoa."

"Pole sana, mama. Lakini utatetemeka."

"Acha nitetemeke."

Mimi niliyezaliwa kisiwani sijawahi kuvuka maji ya magoti, kwa hiyo nikafunga mdomo wangu.

"Nani atakufundisha?"

"Bado sijampata. Zamu yako inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi tuna nusu saa."

Basi liliposimama, mama alishuka wa kwanza. Mwokoaji alimfuata mbio, bado akibisha habari za upepo.