Mama Dorothy na Kijitabu cha Maneno ya Mpira wa Wavu

Bibi Perpetua Nandonde, ambaye wengi tunamwita Mama Dorothy, anastaafu tarehe 30 Juni 2024 baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha korosho cha Namtulo, Masasi, kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa kubangua, akahamishiwa meza ya kuchambua, na huko ndiko anakotoka leo. Hakuwahi kupewa cheo. Tumemtafutia cheo kwenye jalada lake ili tukiandike hapa, hatukukiona.

Timu ya wanawake ya mpira wa wavu aliianzisha mwenyewe mwaka 2009, kwenye uwanja wa kuanikia korosho, kwa wavu alioushona kwa kamba za magunia. Mechi ya kwanza ya ugenini ilikuwa Newala, nayo bado inasimuliwa. Mezani kwetu mchambuzi haruhusiwi kuacha nafasi yake hadi kengele ilie. Basi kila wachezaji wetu waliponyang'anya zamu ya kuanzisha mpira, badala ya kuhama nafasi moja kama sheria inavyotaka, walisimama pale pale. Mwamuzi akawapa Newala pointi, mara nne katika seti moja. Watazamaji wakapiga kelele: "Korosho hizo zimeota mizizi!" Upendo, aliyekuwa mgeni mezani na uwanjani, alipoulizwa kwa nini hahami, alijibu karibu kulia: "Mama Dorothy, nikiacha nafasi yangu si nitaandikiwa barua ya onyo?"

Mama Dorothy hakumcheka. Aliporudi alinunua daftari, akaanza kumwandikia mchezaji mpya maneno ya mchezo kwa lugha ya mtu anayechambua korosho. Alipanga korosho sita mezani, akazisogeza kufuata mwendo wa saa hadi kila mmoja akaelewa. Haya ni baadhi ya maneno yake, kama alivyoyaandika:

"Kuanzisha: kupiga mpira wa kwanza ukiwa nyuma ya mstari. Usiharakishe, filimbi ikishalia una sekunde nane, na hizo ni zako.

Kuinua: kumwekea mwenzako mpira juu, karibu na wavu, ili apige. Mwinuaji hashangiliwi. Ukitaka kushangiliwa, omba nafasi nyingine.

Kuzuia: kuruka wavuni na mikono juu. Usifumbe macho. Mpira ukikupiga usoni utapona.

Libero: mlinzi wa nyuma, jezi yake ni ya rangi tofauti. Anaokoa mipira, hapigi juu ya wavu.

Mzunguko: mkishinda pointi ambayo wapinzani ndio waliianzisha, kila mtu ahame nafasi moja. Hapa hakuna msimamizi wa kukuandikia barua."

Kwa daftari hilo, ambalo lilikuwa likiongezeka kila msimu, wanawake waliokuwa hawajawahi kugusa mpira walishinda kombe la Mei Mosi mara tano. Timu za Ndanda na Nanganga zilikuja kuliazima daftari hilo.

Mwezi Februari mwaka huu Meneja Utumishi wetu, Bwana Gwakisa, alilileta daftari hilo masjala, kwa karani aliyekuwa hajathibitishwa kazini, akasema: "Chapa hili liwe kijitabu. Mwandishi weka mimi. Yule mama anastaafu, atalifanyia nini?" Karani akajibu, "Sawa, mkuu." Sentensi ya mwisho ya neno mzunguko iliondolewa. Zilitoka nakala mia mbili, na Mei Mosi Bwana Gwakisa akapewa cheti cha kukuza michezo. Mama Dorothy alikuwa safu ya tatu, akipiga makofi kama sisi wote.

Kesho yake karani alimwamkia shikamoo mlangoni. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Umechapa vizuri. Sijaona kosa hata moja." Akaingia kazini.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu, ile iliyopitishwa, ilisema tu kwamba alishiriki michezo. Siyo hii. Kijitabu kile ni cha Perpetua Nandonde, chote, na sentensi iliyofutwa ni yake pia. Karani aliyeweka jina jingine ndiye anayeandika hapa. Nakala kumi na mbili zilizobaki masjala zimebandikwa jina la Mama Dorothy. Nyingine mia moja themanini na nane zimeshafika shuleni na viwanjani, kuanzia hapa hadi Newala, na wachezaji wapya wanamshukuru mtu mwingine. Hizo hatuwezi kuzirudisha.

Mama Dorothy, asante kwa miaka yote, hata ile ambayo hatukustahili. Hatukuombi utusamehe leo. Tunaomba upate afya, mikorosho yako ya Nanganga izae, na usiamshwe tena na kengele ya mtu yeyote.

Wasifu wa wastaafu kiwandani hapa huwa hautiwi saini. Huu ni wangu.

Mathias Mnali
Karani wa Masjala