Mama Stempu na Ndege Wake Waliolowa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti, na kama umeinjika kitu jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka fundi wa mapazia aliyetuaga wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Mtaani walimwita Mama Stempu. Sitaki sauti za kilio humu studioni, maana mama huyu alishinda. Narudia: alishinda.

Alianza kukusanya stempu akiwa msichana, akizibandua kwenye bahasha za barua alizoletewa baba yake. Alitaka za ndege tu, na baadaye hata mpya akawa anazinunua posta. Za wafalme na marais aligawa bure. "Hao hawaruki," alisema.

Ukweni walimcheka. Wifi yake alimpasulia mbele ya wageni: "Wifi, wenzako wanakusanya vyombo, wewe unakusanya takataka za bahasha!" Yeye ananawa mikono, anaikausha, anashika kibanio chake, anaendelea. Stempu haishikwi kwa vidole, wasikilizaji, jasho linaiharibu. Lakini maneno yale yalimchoma. Alitamani jambo moja tu: ndege wake watundikwe ukutani, watu waje kuwatazama. Aliomba ukumbi wa maktaba, wakamzungusha weee, mwishowe wakakubali.

Basi wiki ileile ya maonyesho, bomba likapasuka juu ya kabati. Albamu chapachapa! Stempu zimegandana kwa gundi yake yenyewe.

Mumewe, dereva mstaafu, akakimbilia pasi ili azikaushe. Akamuunguza korongo mmoja palepale. "Baba watoto, weka pasi chini!" Mama alipiga ukelele, majirani wakachungulia. Kisha akajaza mabeseni maji na kuzitumbukiza stempu zote zilizogandana.

Binti yake, ambaye ni nesi, anasimulia: "Nilijua mama kachanganyikiwa. Nikamwambia, Mama, maji ndiyo yametuharibia, na wewe unaongeza maji? Akanijibu, zikikauka hivi zilivyo, ndiyo basi tena. Acha gundi ilainike, ziachiane zenyewe. Njoo ushike beseni, acha kunililia hapa!"

Na zikaachiana, jamani! Moja, nyingine, nyingine tena. Alizinyanyua kwa kibanio, akazilaza kifudifudi juu ya vitambaa vyeupe vya mapazia, akazifunika, akaweka ubao na juu yake cherehani ili zisijikunje. Nyumba nzima haikuwa na pa kukaa. Mzee alikula amesimama, na hakuthubutu kulalamika.

Siku ya maonyesho maktaba ilijaa pomoni. Ndege wote ukutani, hata yule korongo, na chini yake maandishi: "Huyu alipigwa pasi na mume wangu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtaalamu mmoja wa stempu akamnong'oneza mama kwamba zile ambazo hazikuwahi kutumika zimepoteza gundi, hazitapata tena bei nzuri. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Kwani nani kakuambia nauza?"

Na wifi je? Wifi alikuja amependeza, akajifanya mwenyeji. Anawapitisha wageni ukutani, anaeleza, anakemea: "Jamani, msiguse! Hizi ni za wifi yangu." Mama alisimama nyuma ya mlango akamsikiliza mpaka mwisho. Aliwahi kuniambia mwenyewe, "Siku ile nilishiba bila kula."

Kwa mzee wetu, kwa binti, na kwa wifi anayelia kuliko wote: poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Mzee ameniambia sasa ni yeye anayezifungua albamu zipate hewa, mbali na jua na unyevu. "Zamani nilivionea wivu vile vikaratasi," alisema. "Sasa navipenda, kwa sababu alivishika yeye."

Wasikilizaji wapendwa, humo nyumbani mwako yumo mtu mwenye kitu chake mnachokicheka. Usisubiri watu wa nje wajae ukumbini ndipo umheshimu. Nikimaliza kusema, zima redio, kaa karibu naye, umwambie: "Hebu nionyeshe."